Uliza Fundi: Keekee tisa, kwa nini zinatoboa moja moja?

Karakana yetu imenunua mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) iliyotumika, yenye kichwa cha keekee tisa zilizopangwa mstari mmoja. Mbavu za kabati za jikoni, yaani bodi zake za pembeni, zina safu mbili za matundu ya mm 5 ya kushikia rafu. Tulitegemea keekee zishuke zote kwa mkupuo mmoja, lakini mashine inadonoa tundu moja moja kama cherehani. Programu haionyeshi kosa lolote. Tatizo liko wapi? (Msomaji, Keko, Dar es Salaam)

Mashine yako ni nzima. Kabla ya kushusha keekee pamoja, programu hukagua kama matundu yana kipenyo kimoja na kina kimoja, kama yamelala sambamba na safu ya keekee, na kama yameachana kwa nafasi ileile ya spindeli (mihimili inayoshika na kuzungusha keekee), yaani mm 32 kamili. Sharti moja likikosekana haigombi wala haionyi, inatoboa moja moja tu. Ndiyo maana hukuona kosa.

Anza na nafasi, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Fungua mchoro usome namba za kila tundu, usipime kwa macho. Ukikuta 31.75, mchoro ulichorwa kwa inchi moja na robo. Ukikuta 31.909, kuna mtu aliweka tundu la kwanza na la mwisho kisha akaiambia programu igawanye katikati. Hesabu yake ni hii: ubavu wa kimo cha mm 720, bodi ya unene wa mm 18, tundu la kwanza mm 9 kutoka chini na la mwisho mm 9 kutoka juu. Zinabaki mm 702, gawanya kwa nafasi 22 za matundu 23, unapata 31.909. Kwa jicho ni 32. Lakini tofauti hiyo ya 0.091 ikifika keekee ya tisa imekuwa mm 0.73, na programu iliyowekewa kosa linaloruhusiwa la mm 0.1 lazima ikatae.

Usikubali ushauri wa kuongeza kosa hilo mpaka mm 1 ili keekee zishuke. Zitashuka kweli, lakini kati ya tundu la 9 na la 10, pale kundi moja linapoishia na jingine linapoanza, nafasi itakuwa mm 31.2 hivi. Bamba la bawaba lenye skrubu mbili zilizoachana mm 32 likiangukia hapo, skrubu ya pili haiingii.

Dawa ni kubadilisha kimo cha kabati. Kimo kinachofunga hesabu ni 32 mara idadi ya nafasi, jumlisha unene wa bodi. Bodi ya mm 16: 22 × 32 + 16 = 720, tundu la kwanza likae mm 8 kutoka chini. Kwa bodi ya mm 18 kimo ni 722, tundu la kwanza mm 9. Kama mteja ameng'ang'ania 720, anza mm 9 kutoka chini, panga matundu 22, na la mwisho litaachana na ukingo wa juu kwa mm 39. Vyovyote iwavyo, tumia amri ya safu yenye mwanzo, hatua na idadi. Ile ya kugawa sawasawa iache.

Nafasi ikiwa sahihi na bado mashine inadonoa, nenda kwenye orodha ya zana. Kila spindeli iandikiwe kipenyo cha biti, urefu wake na umbali kutoka spindeli ya kwanza: 0, 32, 64, hadi 256. Mashine iliyotumika mara nyingi huja na orodha ya mwenye nayo wa zamani: imeandikwa mm 8 mahali ambapo wewe umefunga biti ya mm 5. Chukua kipande cha bodi, amuru kila keekee itoboe peke yake, kisha pima kwa kaliper kutoka ukingo wa kushoto wa tundu hadi ukingo wa kushoto wa tundu linalofuata. Vipenyo vikiwa sawa, hiyo ndiyo nafasi ya vitovu, huna haja ya kutoa wala kujumlisha. Tundu likiangukia upande wa pili wa spindeli ya kwanza, alama ya kujumlisha na ya kutoa zimebadilishana.

Si lazima ujaze spindeli zote tisa kwa mm 5. Funga ya 1, 3, 5, 7 na 9 tu. Kichwa kitashusha tano, kitasogea mm 32, kitashusha tano tena: matundu kumi kwa mikupuo miwili, na nafasi nne zinabaki kwa biti za mm 8. Kuna na faida ya mfukoni: spindeli jirani huzungushana kwa gia, hivyo zinazunguka kinyume, ila hizi za namba witiri zote huzunguka upande mmoja. Biti za mm 5 utanunua za aina moja tu.

Mwisho, angalia upangaji wa vipande kwenye bodi nzima. Programu ikiugeuza ubavu nyuzi 90 ili kuokoa bodi, safu ya matundu inakatiza safu ya keekee. Wewe huna keekee za upande huo, kwa hiyo zuia mbavu zisigeuzwe.

Keekee zinashuka pamoja, lakini matundu mawili ni mafupi na moja lina ukingo mweusi. (Msomaji, Changamwe, Mombasa)

Kundi zima hushuka kwa kina kimoja. Biti iliyonolewa ikapungua mm 1.5 itaacha mm 11.5 pale ulipotaka 13. Biti nyingi za mkia wa mm 10 zina skrubu ndogo kwenye kitako: irefushe hadi zilingane, na siku ya kunoa noa zote.

Ukingo mweusi mara nyingi ni biti inayozungushwa kinyume, inasugua badala ya kukata. Soma herufi kwenye mkia wa biti: L ni ya kuzunguka kushoto, R ni ya kulia.

Mara mojamoja linatokea tundu ambalo halimo kwenye mchoro. (Msomaji, Nairobi)

Pistoni moja, ile inayosukumwa na hewa kushusha keekee, haikurudi juu, ikashuka na wenzake. Mwaga maji kwenye chujio la hewa, hakikisha shinikizo ni baa 6 wakati mashine inafanya kazi, si ikiwa imesimama, na safisha vumbi kwenye shina la spindeli.

Mm 37 kutoka ukingo wa mbele wa ubavu hadi safu ya mbele ya matundu zipimwe kabla au baada ya ejingi (ukanda wa kufunika ukingo wa bodi)? (Msomaji, Arusha)

Baada. Ukitoboa kabla ya kubandika ejingi ya mm 1, andika 36 kwenye programu. Hiyo ni kwa mlango unaofunika ubavu. Mlango unaoingia ndani ya kabati, ongeza unene wake.