Mgeni kaondoka, mafua yake je?

SWALI: Habari, naomba mnisaidie. Dada yangu alikuja kwangu siku mbili akiwa na mafua makali, anakohoa anapiga chafya, leo asubuhi kaondoka. Nimefua mashuka, vitasa na rimoti nimevipangusa na sanitaiza mpaka vidole vimechubuka, madirisha nimefunga maana wanasema baridi ndo inaleta mafua. Je hivyo virusi vinakaa muda gani ndani?
Msomaji mwenye wasiwasi

JIBU: Pole ndugu, umepambana kweli, ila kitasa umekikomesha halafu hewa ukaifungia ndani, na mimi hapo ningeanza na madirisha.

Muda unategemea kirusi kimeangukia wapi. Watafiti walipima virusi vya influenza, yale mafua makali yenye homa, mwaka 1982, kwenye plastiki na chuma kisichoshika kutu vilidumu saa 24 mpaka 48, kwenye nguo na karatasi havikuvuka saa 8 hadi 12, na vikihamia mkononi vinaisha ndani ya dakika 5 hivi. Cha Uviko kilipopimwa 2020 kilifika saa 72 kwenye plastiki, kwenye boksi saa 24, kwenye shaba saa 4 tu. Ukizisikia hizo namba unaogopa hata mlango wako mwenyewe, lakini kumbuka maabara wanaweka virusi vingi makusudi, na vinapungua kila saa, vile vya mwisho mwisho ni vichache mno. Ndo maana CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mwaka 2021 walikadiria kwamba ukigusa kitu chenye virusi vya Uviko, uwezekano wa kuambukizwa kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000.

Hewa ndo habari nyingine kabisa. Mwaka 1977 kule Alaska ndege ilikwama chini kama saa 3, injini mbovu, mfumo wa kuingiza hewa umezimwa, ndani yumo abiria mmoja anaumwa influenza, na ndani ya siku 3 watu 38 kati ya 54 waliokuwemo wakawa wanaumwa! Mtu akipumua au akiongea anatoa vitone vidogo sana vinavyoelea kama moshi wa sigara, na moshi unautoa vipi chumbani? Unafungua dirisha. Baridi yenyewe haina virusi, shida ni kwamba influenza inadumu zaidi kwenye hewa kavu, halafu baridi ikija wote tunajifungia ndani tunapumuliana.

Na hiyo sanitaiza ipumzishe, vidole vipone. Influenza na Uviko vina ganda la mafuta ambalo sabuni inalipasua, ila rinovirusi, wale wa mafua ya kawaida, hawana hilo ganda na spiriti iliyo kwenye sanitaiza inawasumbua kidogo tu, bora maji na sabuni sekunde 20 uwaondoe kabisa mkononi.

Influenza inajitokeza siku 1 hadi 4 baada ya kuipata, kwa hiyo kama ya dada ni influenza, hesabu kuanzia kesho, siku ya tano ikifika uko mzima basi imekuruka.