Maswali ya Wasomaji: Kombe la Marafiki Lisiwe la Watu Wawili

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kundi la marafiki 16 wa Dar es Salaam tunaocheza gofu kwa kujifurahisha, mara Gymkhana, mara Lugalo. Kila mwisho wa mwezi tunashindania kombe dogo tulilolinunua kwa michango yetu, na mshindi ni yule anayemaliza mashimo 18 kwa mikwaju michache zaidi. Tangu tuanze, kombe halijatoka mikononi mwa wenzetu wawili waliojifunza mchezo huu utotoni, na baadhi yetu wameanza kutoa udhuru siku ya mashindano ikikaribia. Mmoja amependekeza tuweke zawadi ya fedha ili kuamsha ari. Unatushauri nini? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wamekata tamaa kwa sababu matokeo yanajulikana kabla mpira wa kwanza haujapigwa, na fedha haitaiondoa sababu hiyo. Dawa yenu ni handikapu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, ambayo huondolewa katika hesabu yake. Mchezo huu una neema ambayo michezo mingi haina: aliyeanza majuzi anaweza kushindana kwa haki na mkongwe, mradi kila mmoja apimwe kwa uwezo wake mwenyewe.

Chini ya mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza mwaka 2020, mwenye kadi za matokeo za kutosha hupimwa kwa wastani wa matokeo yake 8 bora kati ya 20 ya karibuni, na handikapu ya juu kabisa ni 54. Namba hiyo hurekebishwa kulingana na ugumu wa uwanja na mahali mnapoanzia kupiga, kwa hiyo msishangae mtu yuleyule akipewa mikwaju tofauti Gymkhana na Lugalo. Kwa mashindano ya mtu mmoja mmoja yenye wachezaji wasiopungua 30, inapendekezwa kila mchezaji atumie asilimia 95 ya handikapu yake ya uwanja husika; kwa kundi dogo kama lenu, aitumie yote.

Baada ya hapo, acheni kuhesabu jumla ya mikwaju, mhesabu pointi kwa utaratibu wa Stableford. Dakta Frank Stableford aliutumia utaratibu huu katika mashindano ya klabu ya Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, ili shimo moja baya lisiharibu siku nzima ya mchezaji. Ukiondoa mikwaju ya handikapu, anayemaliza shimo kwa kiwango chake (idadi ya mikwaju iliyopangiwa shimo hilo) hupata pointi 2, aliyezidisha mkwaju mmoja hupata 1, aliyepunguza mmoja hupata 3, na aliyezidisha miwili au zaidi hapati kitu. Chukueni shimo la kiwango cha mikwaju 4 ambalo kadi inalitaja kuwa la tatu kwa ugumu. Mwenye handikapu ya kuchezea 24 anapewa mkwaju mmoja kwa kila shimo, na wa pili katika mashimo 6 magumu zaidi; hapo basi ana mikwaju 2, kwa hiyo akimaliza kwa 6 anaandikiwa pointi 2. Mkongwe mwenye handikapu 5 anapewa mkwaju mmoja tu, naye akimaliza kwa 5 anaandikiwa pointi 2 vilevile. Wamelingana, na kila mmoja amezitolea jasho pointi zake. Zaidi ya hayo, aliyekwisha kosa pointi katika shimo anaokota mpira na kusonga mbele, jambo ambalo kundi linalofuata nyuma litalishukuru sana.

Sasa suala la fedha, ambalo ninakuomba ulifikishe kwa wenzako kabla hawajachanga hata shilingi moja. Kanuni za uridhaa, yaani za wasiocheza kwa malipo, zilizoanza kutumika Januari 2022 zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi ya fedha isiyozidi dola 1,000 za Marekani katika mashindano yasiyotumia handikapu. Anayepokea zawadi ya fedha katika mashindano ya handikapu hupoteza hadhi yake ya uridhaa. Bakini na kombe lenu, na mkitaka kuongeza kitu, toeni mipira au glavu.

Utaratibu huu unasimama juu ya uaminifu. Anayewasilisha kadi zake mbaya tu ili handikapu yake ikue anawaibia wenzake, hata kama zawadi ni kikombe cha bati, na mimi silioni hilo kuwa dogo. Kila kadi inayostahili iwasilishwe, nzuri na mbaya, na siku ya mashindano kila mchezaji aandikiwe alama na mwenzake, kisha wote wawili watie sahihi. Badilisheni pia makundi ya wachezaji wanne kila mwezi, ili mkongwe atembee na mgeni wa mchezo. Mengi hujifunzwa njiani kati ya shimo na shimo.

SWALI: Katika mashindano yetu ya kirafiki wawili walilingana kwa pointi 36, giza likawa linaingia na hapakuwa na nafasi ya kurudia. Tuliamua kwa kurusha sarafu. Je, ilikuwa sawa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ipo njia ya haki zaidi. Linganisheni pointi zao za mashimo 9 ya mwisho. Wakilingana tena, tazameni 6 ya mwisho, kisha 3, kisha shimo la 18. Lakini njia hiyo itangazwe kabla ya kuanza, hasa ikiwa makundi yanaanzia mashimo tofauti, kwa kuwa hapo lazima ijulikane mapema ni mashimo yapi yatakayohesabiwa kuwa ya mwisho.