Upande wa pili wamepata kopi? Kwenu mawakili wa serikali wapya

Juzi namkuta kijana wetu mpya anatoka masijala anatabasamu, barua ya kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za kesi yote ili tukate rufaa, ameipeleka kwa Msajili ndani ya siku 30, muhuri upo, safi kabisa. Nikamuuliza, mjibu rufani mmempelekea kopi? Akanijibu, "Dada, si pale chini nimeandika Nakala kwa?" Nikatafuta kiti nikakaa. Haya wadogo zangu, sikilizeni kabla hamjaniua kwa presha.

1. Madesa yaacheni Mlimani. Mimi nilipita kwa madesa ya watu, bumu likiingia ni chipsi kuku, mtihani ukikaribia natafuta mwenye mwandiko unaosomeka. Law School hapana. Matokeo ya 2022 mnayakumbuka, kati ya watu 633 waliopita moja kwa moja ni 26, wengine sapu, wengine wakadisko. Someni hukumu yote, mpaka aya ya mwisho.

2. Mabinti, mtaitwa masekretari, mzoee tu. Mwaka wangu wa kwanza karani kaniambia wakili akifika nimwambie aje asaini, na mimi hapo nimevaa joho na bendi. Nikasaini, nikamrudishia kalamu yake. Huwa nawaza Mama Julie Manning, jaji wetu wa kwanza mwanamke, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975, yeye makarani walikuwa wanamwambiaje.

3. Kopi. Tulishindwa kesi ya ardhi Mahakama Kuu, bosi akasema tunakata rufaa, faili likaja kwangu. Notisi ya rufaa nikaipeleka siku ya nne, barua ya kwa Msajili siku hiyohiyo, nikajiona mwamba. Mwenendo ulichukua zaidi ya mwaka kutoka ila sikuwa na wasiwasi, cheti cha ucheleweshaji cha Msajili si kipo, siku zote zile za kusubiri mwenendo zinatolewa kwenye zile 60 za kufungua rufaa. Cheti nikapewa, nikafaili, rekodi ya rufaa juzuu tatu nimezipanga mwenyewe usiku ofisini na maandazi yangu.

Siku ya kusikilizwa, majaji watatu mbele, wakili wa upande wa pili, mzee mmoja mpole, anasimama anasema ana hoja ndogo tu. Mzee akisema hoja ndogo jua umekwisha. Kopi ya barua hawajawahi kuiona, na kanuni ya 90 ya Mahakama ya Rufani inasema usipompa mwenzio kopi basi cheti hakikuokoi, kwa hiyo rufaa imechelewa. Naulizwa, wakili msomi, uthibitisho wa wao kupokea uko wapi? Nikafungua faili. Nikalifunga, nikalifungua tena, labda litazaa karatasi. Ile kopi nilijua ilipo, iko kwenye droo yangu, ndani ya bahasha, jina la chemba yao, ofisi yao ya uwakili, nimeliandika vizuri kabisa, nilikuwa namsubiri dereva arudi safari. Dereva alirudi. Mimi ndiye niliyesahau.

Nikajaribu kuomba oksijeni, ndivyo tunavyoiita ile kanuni ya marekebisho ya sheria ya 2018, haki kwanza ufundi baadaye, nikaelezwa kwa upole kwamba haikuletwa kuua kanuni za muda. Rufaa ikaondolewa. Tukarudi kuomba kuongezewa muda, kila siku ya kuchelewa uieleze ulikuwa wapi, kiapo nikaapa mimi, aya ya saba nikaandika habari za droo. Na uzembe wa wakili si sababu, hilo mnalijua. Ombi likakataliwa. Kiwanja kilichogombaniwa ulikuwa uwanja wa mpira wa shule, leo ni fremu za maduka, na daladala yangu inapita palepale kila asubuhi.

4. Mfumo unapokea mpaka kabla ya saa sita usiku lakini intaneti ya ofisi huwa inajua kabisa ni siku ya mwisho, failini mchana. Ikija notisi ya siku 90 ya kutushtaki msiifanye ya kuwekea kikombe cha chai.

Kijana wa juzi nimempa hela ya boda hapohapo. Amerudi saa kumi, kopi imegongwa muhuri wa chemba, saini ipo, tarehe ipo. Ilikuwa siku ya 28.