Kwa nini niliiacha kampuni iliyonilipa vizuri

Swali lililoulizwa hapa ni hili: inakuwaje mtu anayelipwa vizuri na kampuni ya wageni aandike barua ya kuacha kazi? Mwuliza swali ameliita jambo hilo utovu wa shukrani. Mimi nilifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha namna hiyo, kwanza nikiwa fundi na baadaye msimamizi wa zamu, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyapitia.

Kwa upande wa malipo sina la kulalamikia: mshahara haukuwahi kuchelewa, na bima ya matibabu iliihudumia familia nzima. Lakini mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alieleza, kutokana na mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200, kwamba mshahara na mazingira ya kazi vikiwa vibaya humchukiza mtu, ila vikiwa vizuri havitoshi kumridhisha. Kinachomridhisha ni kazi yenyewe, kutambuliwa, na kukabidhiwa dhamana. Wapo wanaompinga, lakini kwangu mimi alilenga.

Mashine yetu ya kufungia mifuko ilianza kutoa mifuko inayovuja. Nilikesha nayo siku mbili, nikagundua kwamba taya la kuchomea lilikuwa limepinda kwa kiasi cha unene wa karatasi, nikaandika taarifa ya kurasa tatu yenye picha. Taarifa ikapelekwa makao makuu, ng'ambo, ikakaa huko wiki sita. Kisha akatumwa mtaalamu, kijana mwungwana ambaye sina kinyongo naye hata kidogo, akaisoma taarifa yangu tukiwa tumesimama kando ya mashine, akaandika barua pepe ya mistari miwili yenye maneno yale yale, na kabla ya jua kuchwa ununuzi wa taya jipya ukaidhinishwa. Sikutaka pongezi. Kilichoniuma ni kwamba neno langu lilipata uzito pale tu lilipotamkwa na mwingine.

Howard Perlmutter, mtafiti wa kampuni za kimataifa, aliuandika mwelekeo huo mwaka 1969: kampuni ambazo maamuzi mazito huachiwa watu wa nchi ya wenye mali, kana kwamba ujuzi husafiri upande mmoja tu. (Kampuni za wazawa nazo zina ugonjwa wake, hasa pale ukoo wa mwenye mali unapoamua kila kitu.) Tena mameneja wanaotumwa kutoka ng'ambo huja kwa mikataba mifupi; mimi nilipitia wanne. Wa pili aliniruhusu kusimamisha uzalishaji bila kumwuliza mtu, na wakati wake sikusoma tangazo lolote la kazi. Alipoondoka, ruhusa hiyo ilifutwa kwa waraka.

Tangu hapo nilibaki kwa hesabu tu. Wanasaikolojia John Meyer na Natalie Allen, mwaka 1991, walitofautisha anayebaki kwa kuipenda kampuni, anayebaki kwa kujiona ana wajibu kwayo, na anayebaki kwa kuogopa hasara ya kuondoka. Mimi nilikuwa nimeshukia kundi hilo la mwisho, na aliye humo huondoka siku hesabu inapobadilika, bila kumsaliti yeyote.

Meneja wa nne alipoipokea barua yangu aliuliza jambo moja: nyongeza ya kiasi gani ingenibakiza. Yule wa pili asingeuliza hivyo.