Antivairasi kuzimika baada ya kupanda Windows 11
Antivairasi ikizimika ukishapanda Windows 11 mara nyingi sio kirusi kaka, antivairasi yako ni ya enzi za Windows 10 haielewani na mfumo mpya. Nakili leseni kwanza, alafu itoe kabisa kwa kile kiprogramu cha kufutia cha kampuni yenyewe, zima uwashe, ndo upakue toleo jipya toka tovuti yao, achana na ile ya kwenye flashi. Juzi nimefanya hivi kwenye kompyuta ya steshenari hapa Ngamiani, kale kangao ka chini kulia kalikuwa na msalaba mwekundu kakarudi na tiki ya kijani. Ukishaitoa antivairasi ya zamani, Defender (ulinzi unaokuja na Windows yenyewe) kwa kawaida inajiwasha yenyewe kwahiyo haubaki bila ulinzi, ila tafadhali usiweke antivairasi mbili, zinagombana na mashine inakuwa nzito.