Feni usiizime mwanangu

Asalaam aleikum mwanangu,

Voisi yako nimeiskiza mara mbili, umeniuliza mbona tokeni za elfu moja zaisha siku tisa hapo Bamburi na ufanye nini, na ukasema ati mumeanza kulala bila feni ili stima isogee. Hilo la feni limenitia uchungu, manake juzi mjukuu wangu nimemuona na harara shingo nzima, na sahi ni kaskazi, usiku hakulaliki. Leo muwashie. Nakuandikia ili uweze kurudi kusoma.

Yuniti moja ni wati 1000 zikiwaka saa nzima. Feni yenu ya mezani ni kama wati 50, kwa hivo mpaka imalize yuniti moja izunguke masaa 20. Sasa ingia bafuni uangalie ile shawa ya stima alofunga mwenye nyumba, hizo huwa wati 5000 hivi, dakika 12 tu yuniti imekwenda. Baba mtoto akioga maji moto asubuhi moja, hapo zimeondoka feni za mtoto za usiku mbili. Na sisi tuko Mombasa! Tangi lenu ni jeusi, liko juu lapigwa na jua kutwa, ikifika magharibi maji yatoka bombani yashapata moto yenyewe, mtoto muogeshe saa hizo. Na shawa muizime kwa ile swichi yake kubwa. Kama asubuhi mtu lazima apate ya moto basi achemshe jagi moja achanganye kwa ndoo, haifiki hata robo yuniti.

Kitu cha pili ni friji, na hapa nataka ukae chini uangalie vizuri kwa sababu lenu ni la mtumba. Langu mimi mwaka jana lilikuwa languruma usiku kucha halinyamazi, mimi nafikiri ndio uzee wake, mpaka siku moja napangusa nikaona kwa raba ya mlango, pale pembeni chini, kumefanya ukungu mweusi na kijimaji chatiririka. Nikatia karatasi ya daftari nikafunga mlango nikaivuta, ikatoka hivi hivi kama hakuna kilichoishika. Baridi yote ilikuwa yatokea pale. Fundi akabadilisha raba, na usiku ule ule nikaliskia lanyamaza, likakaa kimya muda kisha ndio laanza tena, friji zima ndivyo linavyofanya. Fanya na wewe hiyo ya karatasi, zunguka mlango mzima. Pia livute kidogo mbali na ukuta lipumue, barafu ikishakuwa nene utoe, na chakula kipoe kwanza ndio kiingie.

Pasi, kanzu na yunifomu piga za wiki nzima siku moja, basi.

Kile kidude ulichouliza cha kuchomeka kwa soketi ati chapunguza stima nusu, usinunue mwanangu. Mita ya nyumbani yahesabu stima uliyotumia kweli na hakuna cha kuchomeka kitakachoipunguza, weka hizo pesa ununue raba.

Na usikate tamaa mwezi wa kwanza. Tangu Aprili 2023 bei ya majumbani ina ngazi tatu, wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, wa mpaka 100, na wa zaidi ya 100, na Kenya Power waangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, kwa hivo hata ukipunguza leo bei ya yuniti yaweza kuchelewa kushuka. Kununua za mia mia au za elfu kwa mpigo hakubadilishi ngazi.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi soma yuniti zilizobaki uandike, jioni tena, usiku kabla kulala tena. Kisha kuna moja nataka mufanye mukiwa wawili: zima kila kitu, chomoa na friji, mmoja ende akaangalie ile taa nyekundu ya mita. Ngojeni dakika chache. Ikiwa bado yapepesa basi kuna kitu chala stima na si chenu, yaweza kuwa taa za ngazi za jengo zimeungwa kwa mita yenu, au waya una kasoro, msiuguse nyinyi, mwambieni mwenye nyumba alete fundi wa stima.

Nambari nitumie jioni. Jumapili nikija nitakuja na poda ya mtoto ya harara.

Mamako