Kabla Hujasema Filamu Imekiharibu Kitabu

Juzi msomaji mmoja anayetaka kuwa mhakiki wa filamu aliniandikia kuuliza kama ni lazima asome vitabu vya watoto kabla ya kuhakiki filamu ya mwendelezo iliyotokana navyo. Ni lazima. Na sababu zangu zimo katika makala niliyoisumbukia kuliko zote nilizowahi kuandika.

Makala hiyo ilihusu Return to Oz, filamu ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Walter Murch. Wengi huitazama wakitarajia mwendelezo wa The Wizard of Oz ya mwaka 1939, ile aliyoigiza Judy Garland, kisha wanalalamika: nyimbo ziko wapi, na mbona inatisha hivi? Mhariri wa kwanza niliyempelekea aliirudisha akisema vitabu vya watoto havimfai mhakiki makini. Maneno yale yaliniuma, na hadi leo yananiuma. Mwaka huu mhariri mwingine ameichapisha bila kukata hata aya moja. Naijivunia, na sioni haya kusema hivyo.

Iliyoibeba makala ile ni kazi ya kusoma tu. Mwandishi Mmarekani L. Frank Baum aliandika vitabu 14 vya watoto kuhusu Oz, nchi ya uchawi. Filamu ya 1939 ilitokana na cha kwanza, kilichotoka mwaka 1900. Murch yeye alichukua viwili vilivyofuata, The Marvelous Land of Oz cha 1904 na Ozma of Oz cha 1907, akavisuka kuwa hadithi moja. Dorothy, msichana wa Kansas, Marekani, aliye shujaa wa kitabu cha kwanza, hayumo kabisa katika kile cha 1904. Shujaa wake ni Tip, mvulana anayelelewa na mchawi Mombi, na humo ndimo walimotoka Jack mwenye kichwa cha boga, unga wa uhai, na Gump, chombo cha kuruka kilichoundwa kwa makochi mawili na kichwa cha mnyama. Kile cha 1907 ndicho chenye Dorothy, kuku Billina, Tik-Tok mtu wa mashine, na mfalme wa Manome, viumbe wa chini ya ardhi, anayegeuza watu kuwa mapambo.

Sasa mwangalie Mombi wa filamu, anayebadilisha vichwa kama mtu anavyobadilisha kofia. Jina ni la mchawi wa 1904, lakini vichwa ni vya Langwidere, binti mfalme wa 1907 mwenye vichwa 30 kabatini. Watu wawili wamefanywa mmoja. Asiyesoma atadhani ni ubunifu wa mwandishi wa filamu.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa viatu vya uchawi vya Dorothy. Katika kitabu cha kwanza ni vya fedha, navyo vilipotea jangwani Dorothy aliporuka kurudi Kansas. Filamu ya 1939 ndiyo iliyovifanya vya yakuti nyekundu. Katika Ozma of Oz, nguvu za Mfalme wa Nome zimo kwenye mkanda wake wa uchawi. Murch aliuondoa mkanda ule, akaweka viatu vyekundu mahali pake, na Disney, kampuni iliyotengeneza filamu yake, ikalazimika kuilipa MGM, iliyotengeneza ile ya 1939, ili ivitumie. Kwa hiyo kitu kimoja kinafanya kazi iliyoandikwa na Baum huku kikivaa rangi iliyotoka kwenye filamu nyingine. Vivyo hivyo kwa muuguzi na daktari wa Kansas ambao Dorothy wa Murch anapelekwa kwao kutibiwa, na ambao sura zao tunazikuta tena Oz kwa Mombi na Mfalme wa Nome. Kumpa mwigizaji mmoja nafasi huku na huko ni desturi ya filamu ya 1939. Kwa Baum, Oz ni nchi ya kweli, si ndoto ya mtoto anayehitaji tiba.

Ndiyo maana nasema filamu ya mwendelezo ina wazazi wawili, kitabu na filamu iliyotangulia, na mhakiki anayemjua mmoja tu hana haki ya kutoa hukumu. Someni, jamani! Someni vitabu vyote vinavyohusika, kisha mtazame filamu mkiwa na kalamu mkononi, mkiuliza kila kitu kimetoka wapi. Prince Caspian ya mwaka 2008 nayo ina uvamizi mzima wa ngome ya mfalme Miraz ambao haumo katika kitabu cha C. S. Lewis cha 1951. Huwezi kusema kama nyongeza hiyo inafaa ikiwa hujui kwamba ni nyongeza. Mwandishi wa watoto anastahili heshima ileile anayopewa mwandishi wa watu wazima, na anayemdharau aache kuandika kuhusu filamu hizi.

Kwako uliyeniuliza: ukiwa na nafasi ya kitabu kimoja tu, anza na kile cha 1907. Tazama hasa mchezo wa kubahatisha ni mapambo yapi yaliyokuwa watu. Kitabuni, Billina ndiye anayejificha chini ya kiti cha enzi na kuisikia kutoka kinywani mwa mfalme siri ya rangi inayoonyesha mapambo yaliyokuwa watu. Katika filamu siri hiyo anaigundua Dorothy mwenyewe, na kuku amebakiziwa yai lake, ambalo ni sumu kwa Manome. Mimi naona Billina amenyang'anywa ushindi wake. Soma, kisha uniandikie kama wewe unaona vingine.